Kila Jambo na Mahali Pake: Somo la Kutunza Vitabu vya Usharika



Somo letu la mwezi huu lahusu kazi ambayo wengi huiona kuwa ndogo, nayo ni kuandika na kutunza habari za watu. Wengine husema, "Kuandika majina ni kazi ya karani tu." Lakini tazameni jambo hili. Mtu aliyezaliwa nyumbani, wala hakuandikwa serikalini wakati ule, akiisha kuwa mtu mzima huhitaji cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya masomo, au kitambulisho cha taifa, au mirathi ya baba yake. Wakala wa usajili, yaani RITA, humtaka alete ushahidi, na cheti cha ubatizo ni mmojawapo wa ushahidi upokewao. Basi mtu huyo hutujia. Tukifungua kitabu tukaona majina mawili yaliyo sawa, au mwaka usiosomeka, au ukurasa ulioliwa na mchwa, hasara ni yake, wala si ya kitabu. Nanyi mwakumbuka habari za wale waliorudi kutoka Babeli katika kitabu cha Ezra: wako wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Jina lisiloonekana laweza kumnyima mtu nafasi yake.

1. Asili ya vitabu hivi

Wamisioni wa Augustana, waliofanya kazi Iramba na Turu tangu miaka ya 1920, walikuwa wengi wao wazao wa Waswedi waliohamia Marekani. Huko Swedi sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwaagiza wachungaji kuandika waliozaliwa, waliooana, waliokufa, na waliohamia au kuhama. Mwaka 1749 serikali ya Swedi ilianza kukusanya hesabu za vitabu hivyo kutoka nchi yote, na kwa njia hiyo nchi ile ilipata hesabu ya watu wake mapema kuliko nchi nyingi za dunia. Basi kazi hii ni ya zamani, na imewafaa watu wengi.

Siku hizi mahali pa kukusanyia habari zilizopangwa hivi, hasa katika kompyuta, huitwa kanzidata. Neno "kanzi" ni neno la kale, maana yake hazina. Nalo latufundisha vema, kwa kuwa hazina isiyopangwa haitofautiani na chungu cha takataka. Mtu aweza kuwa na vitabu kumi vilivyojaa maandiko, asiweze kujibu swali moja.

2. Ugonjwa wa kitabu kimoja chenye mambo yote

Desturi ya wengi ni kuwa na daftari moja kubwa. Katika kila mstari huandikwa jina la mtu, mtaa wake, wilaya, jina la mzee wa mtaa, siku ya ubatizo, vikundi vyake, na sadaka zake. Kwa macho daftari hili lapendeza, maana yote yaonekana pamoja. Lakini lina magonjwa matatu.

Ugonjwa wa kwanza ni kurudia. Tuseme mtaa una watu 60. Jina la mzee wa mtaa limeandikwa mara 60. Mzee akibadilishwa, mwandishi hana budi kusahihisha mistari 60. Akisahihisha 41 akaitwa msibani, yabaki 19 yenye jina la zamani. Mwakani mtu mwingine afungua daftari na kuona wazee wawili wa mtaa mmoja, wala hajui yupi ni wa kweli. Jambo lililoandikwa mara nyingi laweza kujipinga lenyewe. Lililoandikwa mara moja haliwezi.

Sisi wa Singida tumeliona jambo hili waziwazi. Mwaka 2012 wilaya ya Mkalama ilitengwa na Iramba, na wilaya ya Ikungi ikatengwa na Singida. Iambi, iliyokuwa ya Iramba, ikawa ya Mkalama. Aliyekuwa ameandika "Iramba" katika mstari wa kila mtu wa Iambi alikuwa na kazi ya siku nyingi. Aliyekuwa na orodha fupi ya mitaa, kila mtaa na wilaya yake, alisahihisha mstari mmoja kwa kila mtaa, kisha akafunga kitabu.

Ugonjwa wa pili ni kukosa nafasi. Mtaa mpya umefunguliwa, na mzee wake amechaguliwa, lakini hakuna mtu aliyekwisha kuandikwa humo. Katika daftari la watu utauandika wapi? Hapana mstari usio na mtu. Hivyo mtaa upo, lakini kitabu chasema haupo.

Ugonjwa wa tatu ni kupoteza kwa kufuta. Jamaa moja tu imesalia katika mtaa ulio mbali. Jamaa hiyo yahama, nawe wafuta mistari yao. Kumbe, umefuta pia jina la mtaa, na wilaya yake, na mzee wake, maana havikuandikwa mahali pengine. Ulitaka kuondoa jambo moja, yameondoka manne.

3. Dawa: vitabu vidogo vinavyoshikana

Mwaka 1970 mtaalamu mmoja aliyezaliwa Uingereza, Edgar Codd, aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa andiko lililoonyesha jinsi ya kupanga habari nyingi katika majedwali mepesi yanayoungana kwa alama. Mafundisho yake ndiyo msingi wa kanzidata nyingi za mabenki, hospitali na serikali hata leo, naye alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Lakini msidhani ya kuwa mafundisho haya yahitaji umeme. Mtu mwenye madaftari matano ya dukani na rula aweza kuyafuata.

Kanuni yenyewe ni hii: kila aina ya kitu iwe na kitabu chake, na kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Ukitaka kujua vitabu vyako ni vingapi, jiulize, "Ninaandika habari za nini?" Kwa usharika wa kawaida utajibu hivi:

Kitabu cha Mitaa: namba ya mtaa, jina lake, wilaya, na mzee wake.
Kitabu cha Kaya: namba ya kaya, na namba ya mtaa.
Kitabu cha Watu: namba ya mtu, majina yake, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, na namba ya kaya.
Kitabu cha Matukio: namba ya mtu, aina ya tukio (ubatizo, kipaimara, kuhama, mazishi), tarehe, mahali, na jina la aliyehudumu.
Kitabu cha Sadaka: namba ya mtu, tarehe, kitu kilichotolewa, kiasi, na kipimo.

Ndoa ipewe kitabu chake, kwa kuwa kila mstari wake wahitaji namba za watu wawili.

Tazameni jinsi vinavyoshikana. Katika Kitabu cha Watu namba 217 ni Maria, wa kaya ya 58. Katika Kitabu cha Kaya, kaya ya 58 i katika mtaa wa 4. Katika Kitabu cha Mitaa, mtaa wa 4 ni Iambi, wilaya ya Mkalama. Katika Kitabu cha Matukio mstari wasema: mtu 217, ubatizo, 19 Aprili 1992. Jina la wilaya halikuandikwa kwa Maria hata mara moja, lakini kila atakaye aweza kulifikia kwa kufuata namba, kama mtu afuatavyo njia kutoka shamba hadi kisima.

4. Kwa nini namba, na si jina?

Jina ni zuri kwa kumwita mtu, ila halitoshi kwa kumtambua. Kwetu majina ya ukoo kama Mkumbo na Msengi huitwa na wengi, na ukiongeza Yohana au Maria mbele yake bado wabaki wengi. Tena mtu mmoja huwa na majina kadhaa: jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba. Mwanamke huenda akaandikwa kwa jina la babaye alipobatizwa, na kwa jina la mumewe alipotoa sadaka, hata akahesabiwa kuwa watu wawili. Na mwandishi huyu huandika "Elizabeti", mwingine "Elisabeth", nao wanamtaja mtu yule yule.

Kwa hiyo kila mtu apewe namba, naye ashike kanuni tatu mwandishi anayeitoa. Ya kwanza, namba moja isitolewe kwa watu wawili kamwe, hata mwenye nayo akiisha kufariki. Ya pili, namba isibadilike maisha yote ya mtu. Ya tatu, namba isiwe na maana ndani yake. Wengine hupenda kutia herufi za mtaa au mwaka katika namba, wakidhani ni werevu. Lakini mtu akihama mtaa, namba yake yasema uongo. Nawe ukiibadilisha, umekata kamba iliyomfunga na matukio yake yote. Namba na iwe namba tu.

Tena, mtu akihama au akifariki, mstari wake usifutwe. Andika tukio lenye tarehe. Miaka ishirini baadaye mwanawe atakuja kuuliza.

5. Mtu mmoja, vikundi vingi

Hapa wengi hukwama. Mama mmoja yumo katika kwaya, na katika umoja wa wanawake, na katika kamati ya ujenzi. Mwandishi hufanya safu tatu katika Kitabu cha Watu: kikundi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama akiingia kikundi cha nne, hana nafasi. Na mtu akiuliza, "Wanakwaya ni wangapi?" yakupasa kutafuta katika safu zote tatu, kwa kuwa huyu ameandikwa kwaya katika safu ya kwanza, na yule katika ya tatu.

Dawa ni hii: fanya Kitabu cha Vikundi, chenye namba na jina la kila kikundi, kisha fanya kitabu kingine chembamba cha Uanachama, ambamo kila mstari una namba ya mtu, namba ya kikundi, na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mama wa vikundi vinne ana mistari minne. Kikundi cha watu 30 kina mistari 30. Popote utakapoona kwamba mmoja wa huku ana wengi wa kule, na mmoja wa kule ana wengi wa huku, ujue ya kuwa wahitaji kitabu cha katikati.

6. Adabu ya kujaza safu

Safu moja ishike jambo moja. Wakati wa mavuno watu wetu hutoa alizeti, mtama, vitunguu na kuku. Mwandishi akiandika katika safu moja "debe 2 alizeti na kuku", hawezi kujumlisha mwisho wa mwezi. Na aandike mistari miwili: alizeti, 2, debe, kisha kuku, 1, mzima. Wala asichanganye debe na kilo katika hesabu moja bila kupima.

Tarehe iandikwe kwa namna moja tu. Kwetu 3/4 ni siku ya tatu ya mwezi wa nne, lakini kwa Wamarekani ni siku ya nne ya mwezi wa tatu. Jina la mwezi likiandikwa kwa maneno, shaka yaondoka. Katika kompyuta ni vema kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, maana hivyo tarehe hujipanga zenyewe kwa utaratibu.

Mwaka wa kuzaliwa usiojulikana usibuniwe. Wazee wetu wengi hukumbuka njaa au mvua kubwa, wala si mwaka. Ukikadiria, andika mwaka, na katika safu ya pili andika "kadiri". Ukiandika 1 Januari kwa kila mzee usiyejua siku yake, vizazi vijavyo watadhani ya kuwa Iramba nzima ilizaliwa siku ya mwaka mpya.

Mwisho, tofautisheni sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake tumeuliza, na jibu ni hakuna. Nafasi tupu maana yake hatujui. Mtu ambaye sadaka yake haikuandikwa kwa sababu karani alikuwa mgonjwa asihesabiwe kuwa hakutoa. Kosa hili limevunja mioyo ya wengi, na limeleta magomvi yasiyokuwa na sababu.

7. Jaribu la vitabu

Vitabu vizuri hujulikana kwa maswali vinavyoweza kujibu. Tuseme mwaulizwa: "Ni nani wa mtaa wa Iambi waliobatizwa kati ya 2008 na 2010, nao hawajapata kipaimara?" Fungua Kitabu cha Matukio, ukaandike namba za watu wote waliobatizwa miaka ile. Katika namba hizo kata wenye tukio la kipaimara. Kata pia wenye tukio la kuhama au la mazishi. Kwa zilizobaki, tazama kaya katika Kitabu cha Watu, na mtaa katika Kitabu cha Kaya. Wanaobaki katika mtaa wa 4 ndio unaowatafuta, nawe waweza kwenda kuwatembelea kwa majina yao. Kwa karatasi ni kazi ya mchana mmoja. Kwa kompyuta ni kazi ya kufumba na kufumbua. Njia ni ile ile. Ndiyo sababu nawasihi mpange vitabu kabla ya kununua mashine, maana mashine hukimbiza utaratibu, na fujo pia huikimbiza.

Wakati wa kuhamia kompyuta utakapofika, kila kitabu kitakuwa jedwali moja, na namba zile zitakuwa funguo za kuyaunganisha. Programu za bure zipo, kama LibreOffice Base. Hata simu za mfukoni zina kanzidata ndani yake, iitwayo SQLite, iliyoanza mwaka 2000, ambayo hutunza majina na ujumbe wenu pasipo ninyi kuiona.

8. Ulinzi na siri

Karatasi ina adui wake: mchwa, mvua, moto. Kompyuta ina adui wake: wizi, umeme, na mkono uliobonyeza pasipo kufikiri. Dawa ya wote ni nakala. Nakala ikae katika nyumba nyingine, maana nakala iliyo katika kabati lile lile itaungua pamoja na mama yake. Na mara moja kwa mwaka jaribuni kuifungua na kusoma humo. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Tena yatupasa kutunza siri. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya na za imani ya mtu zahesabiwa na sheria hiyo kuwa nyeti. Basi tusiandike tusiyoyahitaji. Habari za maonyo na magomvi ya nyumbani zisikae katika kitabu kinachofunguliwa mbele ya kila mtu, wala orodha za ahadi zisirushwe katika makundi ya simu. Aliyetupa habari zake alituamini.

Maswali ya kujipima

1. Katika daftari la mtaa wako, ni jambo gani limeandikwa zaidi ya mara moja? Je, maandiko yote yapatana?
2. Mtu akibadili jina leo, ni mahali pangapi pa kusahihisha?
3. Mwanafunzi mmoja yumo katika madarasa mawili, na kila darasa lina wanafunzi wengi. Chora vitabu vitakavyohitajika.
4. Nakala ya kitabu cha ubatizo iko wapi, na nani aliisoma mara ya mwisho?

Wazee na walimu wakutane mara moja mwezi huu, wakiwa na madaftari yao mezani, wajibu maswali haya pamoja. Msianze kwa kuandika upya kila kitu. Anzeni na Kitabu cha Mitaa, kwa kuwa ni kifupi, kisha Kaya, kisha Watu, kaya kumi kila juma. Usharika wenye kaya 200 utamaliza kwa majuma ishirini, na tangu siku ile mtu akija kuomba cheti chake hatarudishwa nyumbani mikono mitupu.